Nyuzi nyingi au uzi mmoja? Angalia kwanza programu yako inangoja nini

Kuna waandika programu hapa Kampala wanaoamini kwamba programu ikiwa nzito, dawa yake ni kuiongezea nyuzi. Wapo wengine, waliokwisha kuungua, wanaokuambia nyuzi ni balaa na mwenye akili hazigusi. Wote wana ushahidi. Programu moja, kwenye laptopu moja, inaweza kumaliza kwa sekunde tatu kazi iliyokuwa ikichukua dakika nzima, mara tu ilipopewa nyuzi. Ipe kazi nyingine, na nyuzi zilezile zitaifanya itambae kuliko ilivyokuwa bila hizo.

Uzi, kwa ufupi, ni mfululizo mmoja wa maagizo ambao prosesa inaufuata. Programu yenye nyuzi nyingi ina mifululizo kadhaa inayokwenda ndani ya kumbukumbu moja ya kompyuta (RAM), kila mmoja ukiona data ya mwenzake. Kuonana huko ndiko faida yake na ndiko maradhi yake.

Zamani hukuhitaji kuumiza kichwa. Programu ikiwa nzito, ulisubiri prosesa mpya. Mwaka 2004 Pentium 4 ya Intel ilifika kasi ya gigahezi 3.8, joto likakataa isipande zaidi, na mwaka huohuo Intel ikafuta mradi wa prosesa iliyokuwa iirithi. Mwaka 2005 ikaanza kuuza prosesa za kori mbili, yaani zenye vitengo viwili vya kutekeleza maagizo, kwa kompyuta za kawaida. Tangu hapo nguvu mpya zimekuja zaidi kwa kuongeza kori, na programu isiyojua kugawa kazi hutumia kori moja huku nyingine zimekaa.

Njia nne zinashindana hapa: uzi mmoja tu, uzi mmoja usiosubiri, nyuzi nyingi, na michakato mingi (nakala za programu zinazokwenda kila moja na kumbukumbu yake). Kabla ya kuzipanga, vigezo.

Vigezo vya kupimia

*Inahesabu au inangoja?* Hiki ndicho kigezo kikubwa, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Kwenye Linux, andika time mbele ya amri inayoendesha programu yako. Ikimaliza utaona mistari mitatu. Wa real ni muda wa saa ya ukutani. Wa user ni muda ambao prosesa ilikuwa kweli inatekeleza msimbo wako. Wa sys ni muda ambao mfumo endeshi ulifanya kazi kwa niaba yako. Tuseme una programu inayouliza seva ya mbali hali ya miamala 200 ya Mobile Money, mmoja baada ya mwingine, nayo inakuonyesha hivi:

real 1m1.4s
user 0m1.1s
sys 0m0.3s

Dakika imepita, na prosesa imefanya kazi sekunde moja na ushee. Muda uliobaki wote ni kungoja: kila swali limekwenda na kurudi kwa milisekunde 300. Uganda haina pwani, kwa hiyo data inayokwenda Ulaya hupita kwanza Kenya au Tanzania kufikia nyaya za baharini, na safari ya kwenda na kurudi mara nyingi huzidi milisekunde 100. Kwa prosesa ya gigahezi 3, milisekunde 100 ni mizunguko milioni 300. Ukiyatuma maswali 20 kwa mpigo, yale 200 yataisha kwa mafungu kumi, yaani kama sekunde tatu. Na hukuhitaji kori ya pili kupata kasi hiyo.

Ikiwa real na user zinakaribiana, programu yako inahesabu. Hapo kitakachokusaidia ni kori zaidi, au hesabu bora.

*Una kori ngapi kweli?* Ukienda kununua laptopu ya mtumba mjini, muuzaji anakuambia, "Hii ni i5, kori nne, bosi." Huenda hadanganyi kwa makusudi. Prosesa ya Core i5-7200U ina kori mbili tu; mfumo unaonyesha nne kwa sababu ya Hyper-Threading, ambapo kori moja hupokea nyuzi mbili. Core i5-8250U, iliyotoka 2017, ndiyo yenye nne kamili. Amri ya nproc inakuhesabia zote kwa jumla; lscpu inakutenganishia kori na nyuzi zake. Hyper-Threading husaidia pale uzi mmoja unapongoja data kutoka kwenye kumbukumbu, lakini kwa hesabu nzito usitegemee kasi mara mbili. Na seva ya bei nafuu ya kukodi kwa mwezi mara nyingi ina kori moja, basi.

*Kumbukumbu* ni kigezo cha tatu, hasa ukiwa na seva ya gigabaiti moja.

*Makosa yake yanaonekana au yanajificha?* Watu husahau hiki wakati wa kuchagua na kukikumbuka usiku, mteja anapopiga simu.

1. Uzi mmoja tu

Kasi: kubwa kuliko inavyodhaniwa. Hakuna kubadilishana zamu, hakuna makufuli (vizuizi vya kuzifanya nyuzi zisiguse data moja kwa pamoja), na data inakaa karibu na kori inayoitumia. Redis, hifadhidata inayosifika kwa kasi, hutekeleza amri zake kwa uzi mmoja kwa makusudi. Toleo la 6 la mwaka 2020 liliongeza nyuzi za kusoma na kuandika kwenye mtandao, lakini amri zenyewe ziliendelea kupita kwenye uzi uleule mmoja. Udhaifu wake uko wazi: programu ikingoja, kila kitu kinangoja.

Kumbukumbu: ndogo kuliko njia zote.

Makosa: yanajirudia. Kosa lililotokea leo kwa data hii litatokea kesho kwa data hiyohiyo, kwenye mstari uleule. Mtu ambaye hajawahi kuwinda kosa linalotokea mara moja kwa wiki hajui thamani ya jambo hili.

Inamfaa: anayeandika ripoti, hati ndogo za kazi za kila siku, au hesabu ya riba ya mwisho wa mwezi ya SACCO. Wanachama elfu tatu si mzigo kwa prosesa ya leo. Ikiwa hesabu hiyo inachukua nusu saa, nitashuku kwanza swali la hifadhidata lisilo na faharasa (orodha ya kutafutia data haraka), au programu inayouliza hifadhidata mara elfu tatu badala ya mara moja. Nyuzi hazitibu hilo. Zitaipigia hifadhidata kelele kwa wakati mmoja tu.

2. Uzi mmoja usiosubiri

Hapa uzi ni mmoja, lakini ukituma swali hausimami kungoja jibu. Unashika kazi nyingine, na jibu likifika unarudi kumalizia. Hivi ndivyo Node.js, iliyoanzishwa na Ryan Dahl mwaka 2009, inavyokwenda, na maktaba ya asyncio ya lugha ya Python, na seva ya nginx ambayo Igor Sysoev aliitoa mwaka 2004.

Kasi: kwa kazi za kungoja, bora sana. Maelfu ya wateja wanahudumiwa na kori moja kwa sababu wengi wao, kila wakati, wanangoja tu. Kwa kazi za hesabu haiongezi chochote, tena inaweza kudhuru. Mteja mmoja akipakia picha ya kitambulisho na programu ikatumia nusu sekunde kuipunguza ndani ya uzi huohuo, wateja wote wengine wamesimama hiyo nusu sekunde.

Kumbukumbu: ndogo. Kila anayengoja anagharimu kilobaiti chache.

Makosa: ya wastani. Zamu zinabadilishana mahali unapopaona kwenye msimbo, basi ni rahisi kufikiri. Ila usijidanganye kwamba hakuna kugombania data: ukisoma salio, ukangoja jibu la mtandao, kisha ukaandika salio, katikati hapo mwingine amepita.

Inamfaa: mwenye huduma inayopokea na kutuma maombi mengi madogo. Mifumo ya malipo, ujumbe, ramani za boda na mingi ya aina hiyo huanguka hapa. Asiyefaa ni mwenye maktaba za zamani zisizojua kutosubiri. Moja tu ikisimama, imewasimamisha wote.

3. Nyuzi nyingi

Kasi: hapa ndipo pana ubishi, na pana sababu kadhaa.

Kwanza, mipaka ya kugawanyika. Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka 1967. Chukua kazi ya dakika 10, ambayo dakika 9 zinagawanyika na moja haigawanyiki, kwa mfano kusoma faili moja kubwa mwanzoni. Kwa kori mbili itachukua dakika 5.5. Kwa kori nne, 3.25. Kwa nane, kama 2.1. Ukileta kori elfu moja bado utazidi dakika moja kidogo. Kutoka moja kwenda nne umeokoa karibu dakika saba. Kutoka nne kwenda nane umeongeza gharama mara mbili na kuokoa dakika moja na kidogo. Mwenye seva ya kulipia aipige hesabu hii kabla ya kupandisha daraja.

Pili, nyuzi kuzidi kori. Kwa kazi ya kungoja, nyuzi ishirini kwenye kori moja ni sawa kabisa, maana nyingi zimelala. Kwa kazi ya hesabu, ni kama kuwapanga wapishi wanne kwenye kikaango kimoja cha rolex pale Wandegeya: chapati hazitoki haraka zaidi, na sasa kuna kupishana. Kila mara mfumo endeshi unapobadilisha uzi, data iliyokuwa karibu na kori inafukuzwa na kuitwa upya.

Tatu, makufuli. Nyuzi zikigusa data moja, lazima ziwekewe kufuli ili moja iingie na nyingine zingoje. Kufuli moja likiwa katikati ya kazi yote, nyuzi nane zinapanga foleni na kupita mojamoja. Umeunda uzi mmoja kwa gharama ya nane. Foleni hiyo pia huwa nje ya msimbo wako: hifadhidata ya SQLite huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati, kwa hiyo nyuzi kumi zinazoandika humo ni moja inayoandika na tisa zinazongoja. PostgreSQL, hifadhidata nyingine, usipogusa mipangilio, hupokea miunganisho 100. Nyuzi 200 zikibisha hodi, nyingine zitarudishwa mlangoni.

Nne ni ya kustaajabisha kidogo. Prosesa za Intel na AMD hubeba data kwa vipande vya baiti 64. Ukiweka vihesabio vinane vya baiti nane kila kimoja, vikifuatana, vinaweza kuangukia kipande kimoja. Ukikipa kila uzi kihesabio chake, unajisifu kwamba hakuna kinachogombaniwa. Kumbe kila uzi ukiandika chake, kori nyingine zinalazimika kutupa nakala zao za kipande kizima na kukiomba tena. Msimbo ni sahihi, majibu ni sahihi, kasi imekufa. Tiba ni kuvitenganisha, au kila uzi uhesabu kwenye kigeu chake cha ndani na kujumlisha mwishoni.

Kuna pia joto. Prosesa ya laptopu hupanda kasi zaidi kori moja inapofanya kazi kuliko zote zinapowaka. Kwenye chumba cha Gulu mwezi wa pili, feni ikiwa imejaa vumbi, kori nne hazitakupa mara nne. Na kama diski ni ile ya zamani inayozunguka, nyuzi nyingi zinazosoma faili tofauti huilazimisha kurukaruka, na kusoma kunakuwa taratibu kuliko uzi mmoja uliosoma kwa mpangilio.

Kumbukumbu: nafuu kuliko michakato, kwa kuwa data inashirikiwa, lakini si bure. Linux kwa kawaida hutengea kila uzi rafu (stack, eneo lake la kumbukumbu ya kazi) ya hadi megabaiti 8. Haitumiki yote, ila nyuzi elfu kadhaa kwenye seva ndogo utazihisi.

Makosa: mabaya kuliko ya njia zote nne. Akaunti ina shilingi 50,000. Uzi wa kwanza unasoma salio ili kutoa 30,000. Kabla haujaandika, uzi wa pili unasoma salio, nao unaona 50,000, nao unatoa 30,000. Wa kwanza unaandika 20,000. Wa pili unaandika 20,000. Zimetoka 60,000 na daftari linasema zimebaki 20,000. Ukijaribu peke yako ofisini hutaliona kosa hili hata siku moja. Litakuja siku ya mshahara. Mbaya zaidi, ukiweka mistari ya kuandika kumbukumbu za matukio ili ulitafute, mistari hiyo inabadilisha mwendo wa nyuzi na kosa linajificha. Ukiongeza makufuli bila mpango, uzi mmoja unashika kufuli A ukingoja B, mwingine unashika B ukingoja A, na programu inasimama kimya bila kutoa kosa lolote.

Si hadithi za darasani. Agosti 14, 2003 umeme ulikatika kwa watu wapatao milioni 50 Marekani na Kanada, na miongoni mwa sababu ilikuwa programu ya kengele katika chumba cha udhibiti Ohio iliyonyamaza kwa kosa la aina hii. Waendeshaji walikaa mbele ya skrini wasijue mitambo inaanguka.

Inawafaa: wenye hesabu nzito inayogawanyika vizuri na data kubwa ya pamoja isiyobadilika, kwenye lugha yenye nyuzi za kweli, na wenye maombi machache ya kungoja wanaotaka kitu rahisi, kama yale maswali 200 ya juu. Bwawa (kundi la nyuzi zinazopokezana kazi) la nyuzi 20 pale ni mistari michache ya msimbo, na kwa kuwa nyuzi hizo hazigusi data moja, hatari ni ndogo.

4. Michakato mingi

Kasi: kwa hesabu, inalingana na nyuzi, mradi vipande vya kazi ni vikubwa. Kila mchakato una kumbukumbu yake, kwa hiyo data lazima inakiliwe kwenda na kurudi. Ukituma kazi ya mikrosekunde kumi kwa mchakato mwingine, usafiri utaizidi kazi.

Mfano mzuri tunao nyumbani. Picha 21,367 za majani ya muhogo zilizokusanywa Uganda, zikatambuliwa magonjwa na wataalamu wa kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge pamoja na maabara ya akili mnemba ya Makerere, zilitolewa hadharani mwaka 2020 kwa mashindano. Tuseme kupunguza ukubwa wa picha moja kunachukua milisekunde 50. Zote ni kama dakika 18 kwa kori moja. Hakuna picha inayoihitaji nyenzake, kwa hiyo michakato minne kwenye kori nne kamili itakaribia dakika nne na nusu, na unachotuma ni jina la faili tu.

Kumbukumbu: hapa ndipo panapouma. Tovuti nyingi za lugha ya PHP hukimbia hivi chini ya PHP-FPM, msimamizi wa michakato yake. Mchakato mmoja ukila megabaiti 40, seva ya gigabaiti moja haiwezi kubeba hata 25, maana mfumo na hifadhidata navyo vinataka sehemu yao.

Makosa: mepesi. Mchakato mmoja ukianguka, wenzake wanaendelea. Kumbuka tu kwamba kufuli la ndani ya mchakato halimzuii wa jirani. Salio la wateja lilindwe na muamala wa hifadhidata yenyewe (hatua zinazokamilika zote pamoja au zisifanyike kabisa).

Inamfaa: anayetumia Python kwa hesabu, na anayeogopa kuanguka kuliko anavyoogopa bili ya RAM.

Lugha nayo ina neno lake

Python ya kawaida ina kufuli kuu moja: uzi mmoja tu ndio unaotekeleza msimbo wa Python kwa wakati. Uzi unaongoja mtandao huliachia, kwa hiyo kwa kungoja nyuzi zinasaidia. Kwa hesabu tupu hazisaidii, na mara nyingine zinachelewesha. Maktaba kama NumPy huliachia katika hesabu zake nyingi. Toleo la 3.13 la Oktoba 2024 lilileta jaribio la Python isiyo na kufuli hilo, na 3.14 ya 2025 ikalipa hadhi rasmi, lakini bado ni la kuchagua, si la kawaida.

Java 21 ya Septemba 2023 ilileta nyuzi nyepesi zinazokuwezesha kuandika msimbo wa kungoja kana kwamba ni uzi wa kawaida, maelfu kwa maelfu. Go ilianza na wazo hilo. Kila kijiuzi chake huanza na kilobaiti chache tu. Rust, tangu toleo la 1.0 la 2015, hukataa kukompaili msimbo salama ambao nyuzi zake zinagombania data, ingawa mkwamo wa makufuli haiuzuii. Kama timu yako inajua lugha moja tu, usihame kwa ajili ya haya.

Kulingana na hali yako

Hujapima bado: anza na uzi mmoja, endesha time, tafuta faharasa inayokosekana. Wengi wataishia hapa.

Unangoja mitandao, na maombi ni mamia: bwawa dogo la nyuzi, 10 hadi 30. Angalia pia kikomo cha yule unayemuuliza. Seva nyingi za malipo zitakufungia ukizidisha.

Unangoja mitandao, na wateja ni maelfu kwa wakati mmoja: uzi usiosubiri, au Go, au nyuzi nyepesi za Java. Kazi nzito kama picha zitolewe nje, kwa mchakato wa pembeni.

Unahesabu, kwenye Python: michakato, idadi sawa na kori za kweli. Ukiwa kwenye laptopu unayoitumia kwa kazi nyingine, bakiza moja.

Unahesabu, kwenye Java, C++, Go au Rust: nyuzi, idadi sawa na kori, kila moja na kipande chake cha data, majibu yajumlishwe mwishoni.

Seva yako ina kori moja na kazi ni hesabu: usiongeze chochote. Boresha hesabu, au ipange ikimbie usiku.

Unashika fedha za watu: njia yoyote utakayochagua, kusoma na kupunguza salio kuwe amri moja ndani ya muamala wa hifadhidata.

Umerithi mfumo wenye nyuzi nyingi na ni mzito: punguza nyuzi kwa nusu, upime. Kasi isipobadilika, zile ulizoondoa zilikuwa kwenye foleni tu, na sasa unajua unatafuta kufuli. Kasi ikipanda, nusu tena.